Pembeni mwa Karata

3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Kifurushi hiki usikifungue kwa ule mkasi wako wa mapazia, utakata vilivyomo. Ndani mna karata, na kabla hujaanza kununa, si za kamari. Zinaitwa taroti. Zile zenyewe za kale, zilizochorwa kwa mkono na kupakwa dhahabu, zimo kwenye kabati la kioo katika chumba ninacholinda hapa makumbusho. Hizi ni nakala zake, zinauzwa kwenye duka letu la mlangoni. Nimenunua pakiti mbili zinazofanana, moja yako, moja yangu.

Wapo wanaozitumia kuagulia. Mimi sijui kuagua, na mambo yajayo yatakuja tu bila kuitwa. Ila nimesimama karibu na karata hizi miaka na miaka, na wageni huniuliza maswali mawili: choo kiko wapi, na hawa watu waliochorwa wana maana gani. La choo nalijibu vizuri.

Nimefikiria hivi. Kwenye simu mimi na wewe hatuwezi. Unaniuliza hali, nasema njema, nakuuliza, unasema njema, tunakata, nami nabaki nimeshika simu kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa. Basi tuandikiane. Kila barua nitachagua karata moja nikuandikie ninachokiona. Wewe itafute kwenye pakiti yako, uitazame, uniambie unachokiona wewe. Tusifungue kitabu chochote. Hazina hata neno, ni picha tupu.

Naanza na kijana huyu: manyoya ya ndege kichwani, nguo zimechanika, fimbo begani, anatembea akitazama mawinguni. Wageni wanamwita Mjinga. Hana mtu. Naona anatembea kwa sababu akisimama itambidi ajiulize anakwenda wapi.

Kazini si kubaya. Wenzangu tu wamenuna siku hizi, eti najidai, wananipungia mkono nami nawapita. Sijamwona hata mmoja akipunga. Labda wanapunga moyoni.

Mdogo wako,
Kitinda


17 Februari

Kitinda mimba wa mama yangu,

Marahaba. Kifurushi nilikifungua kwa meno. Mama Pacha, jirani, alikuwapo, akasema nikionekana na picha hizi watu watasema nimekuwa mganga. Nikamwambia afadhali, mganga hagombezwi kwa sababu zipu imeharibika.

Nimezitazama wiki nzima, hapa mezani penye mwanga, cherehani nimeisukuma kando. Kila asubuhi nachomoa mmoja namwegemeza kwenye boksi la nyuzi, nafanya naye kazi mpaka jioni. Malkia mwenye kikombe ndiye tuliyeelewana zaidi, kwa kuwa hana haraka ya kuchukua nguo yake. Yule aliyening'inizwa kichwa chini amenichekesha. Tazama shati lake, halijamporomokea usoni! Ama mchoraji hajui nguo, ama jamaa hajaning'inizwa. Nilipomgeuza nikakuta anacheza ngoma.

Sasa huyo Mjinga wako. Unajua fundi hatazami nguo katikati, katikati kila mtu anaona. Mimi nageuza, naangalia pindo, naangalia kwapa, naangalia uzi ulipoishia, hapo ndipo fundi mwongo hukamatwa. Na karata nimeanza hivyo hivyo. Umemsifia kijana lakini umemsahau mbwa. Chini kushoto kuna mbwa mdogo mweupe ameng'ang'ania suruali yake kwa meno, ndiyo maana imechanika. Unasemaje hana mtu? Kuna anayemvuta abaki. Mama Pacha anasema huyo mbwa ni dada yake.

Nyumba ni ile ile. Chumbani kwako nimeweka vitambaa, ila kitanda sijakigusa.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Mwambie Mama Pacha amenivunja mbavu. Mbwa nilimwona. Nilimwacha makusudi nikupime kama kweli unatazama, na umefaulu.

Leo nimemchagua mzee mwenye taa. Amevaa joho refu la kijivu, ameinua taa mbele ya uso wake, nyuma yake ni giza. Huyu nampenda kuliko wote, maana ni mlinzi. Amekesha akimulika kitu ambacho hakuna aliyekuja kukitazama. Hata uso wake unaonyesha hana anayemngoja popote, na ameshazoea. Nilimwangalia asubuhi nzima pale kwenye kabati, chumba kitupu, mvua inanyesha nje, nikaona aibu kidogo kwa jinsi nilivyomwelewa.

Bega linaniuma. Mlango wa stoo una tabia ya kunigonga. Na juzi bibi mmoja mgeni alinijia ubavuni tukagongana, akaanguka. Hakuumia, lakini Msimamizi aliniita ofisini kana kwamba nilimrukia. Watu hawatazami wanakokwenda siku hizi.

Kitinda


14 Machi

Kitinda,

Pole ya bega. Likande kwa maji ya moto.

Nimemtoa mzee wako nikakaa naye. Joho limeshonwa vizuri, mikono mipana, kitambaa kizito kinachoanguka chenyewe. Lakini hayo uliyoniandikia yamenishangaza, na sasa nalishuku hilo duka lenu. Nadhani pakiti yako imekatwa vibaya. Huwa inatokea hata kwa vitambaa vya kiwandani: mashine inakata ndani mno, ua la pindoni linabaki kwenye mabaki, nawe unauziwa kitambaa kipara. Kwangu kuna kitu ambacho kwako naona hakipo.

Sikuambii ni nini, usije ukasema ulikiona ukakiacha makusudi kunipima. Nakutumia mzee wangu humu humu ndani ya barua. Mweke juu ya wako, uwapime pembe kwa pembe. Ukiona tofauti, kairudishe pakiti dukani, na usione haya kudai haki yako. Wangu nirudishie. Boksi la nyuzi limebaki wazi bila yeye.

Mama Pacha anakusalimu. Anauliza utaoa lini.

Dada yako


29 Machi

Dada,

Nimewapima. Ni mapacha, pembe kwa pembe, hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa uzi. Mzee, joho, taa, giza. Basi. Hakuna kilichozidi kwako wala kilichopungua kwangu. Umekaa na hizi picha mno, umeanza kuona visivyokuwapo. Vaa miwani.

Mzee wako huyu hapa namrudisha salama. Msimamizi amenihamishia koridoni, mbali na kabati la karata, kwa hiyo sitakuwa na mengi ya kuandika kwa sasa. Kazi nyingi.

Kitinda


9 Aprili

Kitinda,

Mzee amefika. Nimemlaza mezani nikamtazama upya, maana uliniambia nivae miwani, nikavaa. Mlango uko pale pale. Kulia, ukutani, mlango umefunguliwa nusu na mwanamke amechungulia, mkono mmoja juu ya komeo. Anamtazama mzee. Hata mtoto angemwona.

Kwanza nilikasirika. Nikasema huyu hatazami, ananiandikia ili kunituliza, ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikazitoa barua zako zote nizisome upya nipate la kukugombeza nalo. Mbwa yuko pembeni. Mlango uko pembeni. Bega lako, mlango wa stoo, yule bibi aliyekujia ubavuni, wenzako wanaokupungia ukawapita. Nikaweka barua chini.

Unamkumbuka Baba? Ulikuwa mdogo. Mtaa mzima ulisema ana kiburi, anawapita watu waliosimama mlangoni kwao hasalimii. Mama naye aliamini, akawa anamnunia ndani ya nyumba. Kumbe hakuwa anawaona. Alipofikishwa hospitali daktari alisema ni presha ya macho. Inaanza kula pembeni, polepole, haiumi, na mwenyewe hajui kwa kuwa katikati anaona vizuri kabisa. Ilikuwa imebaki tundu, na tundu lenyewe likafungika. Daktari alisema angewahi, asingefika huko. Na alisema hutembea katika damu.

Nenda hospitali kesho. Si wiki ijayo, si ukipata nafasi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe unaumbuliwa na mbwa wa kuchorwa.

Dada yako


30 Aprili

Kitinda,

Simu hupokei. Barua hujibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mshindo nimeshauvumilia wa kutosha maishani.

Nakufahamu. Ukibanwa unajifungia ndani. Basi nakupa langu, ili unipe lako. Mama Pacha hayupo. Alihamia kwa mwanawe kabla hata karata hazijafika, na nyumba yake imefungwa, majani yameota mpaka kizingitini. Yale maneno yote niliyokuandikia kwamba kasema yalikuwa yangu. Niliona aibu kukuambia kwamba nazisemesha picha, najijibu mwenyewe, na siku nyingine mtu wa kwanza kusikia sauti yangu ni mteja wa saa kumi. Niliogopa utanihurumia.

Umesikia sasa. Nihurumie. Halafu niambie kama umekwenda.

Dada yako


11 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Nilijua kuhusu Mama Pacha. Mwanawe aliniandikia mwezi wa kwanza kunipa anwani mpya. Nilikuacha useme, kwa sababu vichekesho vyake vilikuwa vizuri, vizuri kuliko vyake mwenyewe.

Sijakwenda.

Uliponitajia mbwa nilikimbilia karata yangu. Sikumwona. Nikaishika mbele ya uso, nikaisogeza kidogo kidogo kuelekea kulia, ghafla akatokea, mweupe, meno yote nje, kama mtu aliyekuwa amesimama mlangoni siku zote akingoja kukaribishwa. Nilikaa sakafuni. Siku ile nikajua, na ndiyo siku niliyokuandikia kwamba nilikuwa nakupima. Wale wazee wawili sikuwatazama, Dada. Niliwapima kwa vidole, kingo kwa kingo, macho nimeyaelekeza dirishani. Sikutaka kujua ni nini kilichokosekana.

Unasema niende kesho. Fikiria kazi yangu ni nini. Nimeajiriwa kutazama pembeni. Mtu akinyoosha mkono kwenye kabati, ni mimi wa kumwona. Nikienda hospitali wataandika, na wakiandika kazi imekwisha, na kazi ikiisha mji huu haunijui. Nimeishi hapa utu uzima wangu wote na hakuna mlango mmoja ninaoweza kubisha bila kuulizwa nina shida gani. Nikiwa na sare watu angalau wananiuliza choo.

Nilikuwa nadhani niko peke yangu kwa sababu hakuna aliyenikaribia. Sasa hata hilo sina uhakika nalo. Pengine walisimama.

Kitinda


16 Mei

Kitinda,

Kazi itakwisha ukienda. Macho yatakwisha usipokwenda, na kazi itayafuata. Hesabu hiyo hata mimi niliyekimbia shule naiweza.

Peleka karata mfukoni, upate cha kutazama kwenye foleni. Nenda, mdogo wangu. Nimepiga magoti kuandika hili, nawe unajua magoti yangu yalivyo.

Dada yako


20 Juni

Dada yangu,

Nimekwenda. Nimekwenda mara kadhaa, ndiyo maana nimechelewa, nilitaka nikuandikie jambo lililokamilika.

Wanakukalisha mbele ya mashine iliyo kama bakuli jeupe, unaweka kidevu, unatazama nukta moja katikati, na wewe ubonyeze kila unapoona cheche ya mwanga pembeni. Nilingoja cheche. Nikasikia mashine inafanya kazi yake, inalia polepole, nami nimeshika kitufe sibonyezi. Nikamwambia daktari, mama mmoja mpole, kwamba mashine yake haijaanza. Akanishika bega akasema imeshaanza zamani, baba. Nililia na kidevu kikiwa pale pale.

Jicho la kushoto limebakiwa na kidogo sana. La kulia lina katikati nzuri na upande wa chini. Kilichokwenda hakirudi, maji yakimwagika hayazoleki. Kilichobaki kinaweza kulindwa, kwa matone ya asubuhi na jioni maisha yote, na huenda watanifanyia upasuaji mdogo. Anasema ningesubiri mwaka mwingine tungekuwa na mazungumzo mengine.

Kazini nimesema mwenyewe. Msimamizi hakupiga kelele. Alisema tu alidhani nakunywa. Mwisho wa mwezi naondoka. Wenzangu walikuja mmoja mmoja kusimama mbele yangu na kunisalimia, wakaona haya, nami nikaona haya, tukacheka.

Karata nazitazama bado. Siku hizi naishika moja nikiizungusha taratibu, naanza na pembe kama fundi. Nimegundua kwenye karata ya mwezi kuna kamba mwenye magando majini. Wewe bila shaka ulishamwona.

Unaniuliza nitarudi lini, najua hujaandika lakini unauliza. Sitarudi, Dada. Hapa nitapata chumba cha chini, hospitali iko karibu. Nakumbuka Baba alivyoongozwa, mkono wake ndani ya wako, sokoni, kliniki, hata kwenda kunyolewa. Ulikuwa msichana mwenye mambo yako. Ulimaliza ujana wako ukiwa jicho la mtu. Sikuiti kwenye kazi hiyo mara ya pili, na usinitie dhambi ya kuikubali.

Ila kapimwe na wewe. Umesema inatembea katika damu, na damu yetu ni moja.

Kitinda


4 Julai

Kitinda,

Nimekwenda, nimeweka kidevu kwenye bakuli lao. Nilibonyeza kila cheche, mpaka kijana wa mashine akasema, mama, taratibu. Macho yangu ni mazima kabisa. Hayana kitu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta wa hospitali nikalia, na nisikudanganye, haikuwa furaha. Niliona kama nimekuacha njiani peke yako. Nilitaka angalau hilo tuwe nalo wote.

Sasa kuhusu Baba. Wewe uliona msichana amefungwa. Ngoja nikuambie nilichokiona mimi, niliyekuwapo.

Baba hakuwa mtu wa kugusa watoto. Alipokuwa akiona, sikumbuki hata siku moja alinipakata au alinishika kichwa. Alikuwa akinipita mlangoni kama anavyopita kiti. Alipoanza kuishiwa macho, asubuhi moja alisimama uani akanyoosha mkono hewani bila kusema, akangoja. Niliukimbilia. Tangu siku hiyo mpaka anakufa tulitembea tumeshikana, naye njiani alikuwa anaongea, Kitinda, alikuwa ananisimulia mambo, ananiuliza rangi za nguo za watu na nani kazishona. Kiganja chake kilikuwa na joto na ngozi ngumu hapa chini ya kidole gumba. Ufundi nilianza kuupenda njiani hapo. Ndizo siku pekee ambazo Baba alinishika mkono.

Kwa hiyo usiniambie ulichoniepusha nacho. Mimi mkono huo nimeukosa tangu siku tuliyomzika.

Matone yanauzwa hata hapa, nimeuliza. Daktari wa macho yupo, nimemwona kwa macho yangu haya mazima. Vitambaa nimevitoa chumbani kwako, nimefua mapazia. Sikuombi urudi kwa ajili yako tu. Nyumba ni kimya, na mimi nimechoka kuongea na malkia wa kikombe.

Dada yako


19 Julai

Dada,

Barua yako nimeisoma kipande kwa kipande, kwa kuwa ndivyo ninavyosoma sasa, na kila kipande kiliniuma kivyake. Sikujua. Baba mimi hakuwahi kunisimulia kitu. Utanieleza njiani.

Nimekata tiketi. Treni inaingia Jumamosi asubuhi. Nakujua, utafika stesheni kabla hata wafagiaji, na utasimama kando ya mlango wa behewa ili unidake nikishuka. Usifanye hivyo. Ukisimama kando sitakuona, nitakupita. Simama mbali kidogo, katikati ya njia, mbele yangu kabisa, hata kama watu watakusukuma na kukutukana. Usiniite kwa sauti. Usije kunidaka.

Niache kwanza nikutazame mpaka nishibe. Halafu mkono nitaunyoosha mimi mwenyewe.

Kitinda